Diski Haikufa

Newala, alasiri

Salumu,

Kompyuta uliyoniomba niisafishe iko hapa mezani, na sijaisafisha. Uliniambia Jumamosi, umesimama mlangoni na ndoo mkononi: "Mama, piga fomati tu. Futa yote, weka toleo jipya. Sitaki kwenda Mbeya na vitu vya zamani." Nikasema sawa. Leo umeenda Tandahimba kumuaga mjomba wako, basi lako la Mbeya ni la kesho alfajiri, na tangu uondoke nimekaa mbele ya hii kompyuta nikifanya kazi nyingine kabisa, kazi niliyopaswa kuifanya ukiwa na miaka kumi na mmoja. Nitakueleza. Ukifika mwisho utakuwa na sababu ya kunichukia, na ni sababu nzuri. Nimeitunza miaka sita.

Mambo ya chandarua, sabuni na nani wa kumpigia simu ukifika yamo kwenye karatasi nyingine, ndani ya begi, mfuko wa pembeni. Sitayarudia hapa. Mama yeyote angeweza kukuandikia yale.

Nianze na jibu la kifundi, kwa sababu hilo naweza kulitoa bila kujificha. Unajua njia ni mbili. Unaweza kupandisha toleo: mfumo wa Linux uliomo unabaki, unabadilishwa kipande kwa kipande ukiwa hapo hapo, na vyako vyote vinabaki, faili zako, mipangilio yako, na makosa yako. Au unapiga fomati: diski inatangazwa kuwa tupu, mfumo mpya unawekwa juu yake, nusu saa, umemaliza. Toleo lililomo humu limeachwa zamani na halipati tena marekebisho ya usalama. Ukitaka kulipandisha, halitakuruhusu kuruka. Utaenda kwenye linalofuata, ndipo uende kwenye linalofuata tena, na kila hatua inapakua mzigo mkubwa, na umeme wetu unaujua. Halafu mimi nimeingiza humu programu za kutoka nje, ambazo wenye mfumo hawazitambui. Hizo ndizo hukwama katikati na kuiacha mashine si ya zamani wala si mpya. Ungekuwa mteja wangu ningekuambia: nakili vyako, fungua nakala kwenye mashine nyingine uhakikishe inafunguka, kisha piga fomati usigeuke nyuma.

Ni ushauri sahihi. Nimewapa watu wengi. Angalia nilivyoutumia kwako.

Ulikuwa na miaka saba nilipoua kompyuta kumi na mbili kwa asubuhi moja. Nilikuwa nimemaliza diploma, nimepata kazi ya kutunza maabara ya kompyuta kwenye sekondari moja hapa, na nilijiona sana. Niliamua kuzipandisha toleo zote pamoja, ili mkuu wa shule akija kukagua saa sita akute kazi imekwisha. Saa nne umeme ukakatika. Ulivyorudi, hakuna hata moja iliyowaka mpaka mwisho. Zote zilifika kwenye maandishi meupe na kusimama, kama watu waliosahau walichotumwa.

Mkuu akapita kati ya meza na mikono nyuma. "Madam, hizi ni za wafadhili."

"Najua, mwalimu."

"Basi zifufue."

Sikuzifufua. Nilizipiga fomati moja moja, siku mbili, na siku ya tatu zilikuwa safi, nyepesi, zinawaka upesi kuliko mwanzo. Kazi za wanafunzi zilikuwa zimepotea, na nikawaambia waandike upya. Nilipenda ile hali, Salumu. Nilipenda kukaa mbele ya kitu kisicho na historia. Tangu siku hiyo mwalimu akiniletea kompyuta nzito, hata sikuuliza ina nini, nilichomeka flashi. Katika ofisi ya walimu wakaniita Mama Fomati. Mwalimu wa Kiswahili, yule mama mnene mcheshi, alikuwa akisema nikipita: "Jamani, mwenye ndoa yenye virusi ampelekee Mama Fomati! Atakurudishia mume mpya kabisa, hata jina lako halijui." Wakacheka. Nami nikacheka nao. Lilinipendeza.

Baba yako hakulipenda. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu wa Lulindi, mpole kwa namna iliyonichosha. Aliniambia, "Wewe kila kitu kikikushinda unakifuta." Nikamjibu kwamba yeye kila kitu kikimshinda anakicheka. Ndivyo tulivyoishi.

Unakumbuka redio. Najua unakumbuka, ingawa hujaitaja tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya kutoka shule baba yako alikuwa anafungua hii kompyuta jikoni, anawasha programu ya kurekodi, na wewe unatangaza. "Hii ni redio ya jikoni, inayokujieni kutoka Newala, juu kabisa, ambako hata maji hayapandi." Halafu habari. Kuku wa Mama Zainabu ameingia tena nyumbani kwetu bila kupiga hodi. Baba yako anauliza, kwa sauti ya mwandishi wa habari, "Mheshimiwa kuku, una maoni gani kuhusu tuhuma hizi?" Na wewe unajibu kwa kikuku mpaka mnashindwa kuendelea kwa kicheko. Alikufungulia akaunti yako mwenyewe kwenye mashine, yenye jina lako la wakati ule, alilokupa yeye ulipozaliwa, la babu yake. Rekodi zote aliziweka humo. Zilikuwa arobaini na kitu.

Alipofariki ulikuwa na miaka tisa. Homa, wiki moja wodini, basi. Hilo unalijua, na sina cha kuongeza.

Kiangazi kilichofuata mjomba wako akasema umefika umri, ukaenda jando. Wewe na wenzako mlikaa likumbini, kwenye banda la jando, mwezi mzima. Siku ya kutoka mkaambiwa mtembee msigeuke, na nyuma yenu banda likachomwa na kila mlichokitumia humo, na jina la utoto likabaki humo pia. Ukarudi nyumbani ukiwa Salumu, umepakwa mafuta, kanzu mpya, wanawake wanapiga vigelegele. Kwetu sisi kumwita mtu aliyetoka jando kwa jina la kabla ni kumtukana, hata mimi niliyekuzaa sina ruhusa. Na jina langu likageuka siku hiyo hiyo. Asubuhi nilikuwa mama wa yule, jioni nilikuwa Mama Salumu. Nilifurahi. Sikumwambia mtu, lakini nilifurahi kuliko wote waliokuwa wanacheza pale. Ilikuwa kama nimepewa nusu saa yangu na diski tupu.

Baba yako hakuwahi kuwa Baba Salumu. Hilo sikulifikiria siku ile. Nimelifikiria sana baadaye.

Wewe hukuiva, kama alivyosema mjomba wako. Tulikuita Salumu hukuitika. Watu walidhani umepata tatizo la masikio. Mjomba akaja, akakaa kwenye kigoda, akakuita mara tatu, na wewe unachora chini kwa kijiti. Akanigeukia.

"Dada, huyu mmoja tulimtoa mbichi."

"Atazoea."

"Anazoea nini, mwezi wa nne huu? Wenzake wanaitika, wengine wanataka hata kuoa. Kuna kitu kinamrudisha. Kitafute."

Sikuhitaji kukitafuta. Kila ukitoka shule ulikuwa unavaa zile spika za masikioni za baba yako, zenye waya uliofungwa kwa plasta, unafungua akaunti ya jina lile na kusikiliza redio ya jikoni. Saa nzima. Midomo yako inacheza. Ukimaliza ulikuwa unanitazama kana kwamba mimi ni mtu aliyekuja kusoma mita.

Jumapili moja mlienda na bibi yako shambani kuokota korosho, nikabaki peke yangu. Nikavaa zile spika. Nilitaka kumsikia, naapa, mwanzoni nilitaka kumsikia tu. Nikasikiliza zote, ya kwanza hadi ya mwisho, na katika karibu kila moja nimo mimi. Kwa mbali, nje ya mlango. "Mwalimu, unamharibu mtoto!" "Zimeni hicho kidude!" "Foleni ya maji inafungwa na nyinyi mnaongea na kuku!" Yeye anacheka, wewe unacheka, halafu mlango, halafu mimi. Nilisubiri rekodi ambayo nacheka. Haikuwapo. Nilikuwa nachota maji, Salumu, ni kweli, miezi ile tulikuwa tunashuka bondeni, ndoo ishirini kwa wiki, na mwanamume mzima amekaa anahoji kuku. Nilikuwa na haki. Ukiwa na haki kila siku kwa miaka mitatu, na kuna mtu anarekodi, huwi na sauti ya kupendeza.

Nikaona jambo moja wazi kabisa siku ile. Nikaona kwamba mimi ndiye nitakayebaki hai na yeye ndiye atakayebaki mzuri. Kwamba utakua, na kila jioni utakwenda kwake, na mimi nitakuwa yule wa nje ya mlango, maisha yangu yote.

Wiki iliyofuata nilichomeka flashi ya kusakinishia.

Nilikuwa na sababu. Fundi huwa nayo siku zote. Mashine ilikuwa nzito, mfumo umezeeka. Flashi yangu ya kuhifadhia ilikuwa ndogo na haingetosha vyote, na hilo ni kweli, unaweza kwenda kupima, flashi bado ipo. Nikawa nanakili folda moja moja: kazi zangu za chuo, mitihani ya shule, picha za harusi za dada yangu. Bibi yako alikuwa kwenye mkeka pembeni yangu anachambua mbaazi. Nikafika kwenye folda ya jina lile. Ilikuwa kubwa kuliko zote. Nikasimamisha mkono.

Bibi akaniona. "Mbona umesita?"

"Kuna kitu hapa cha mtu."

"Cha nani?"

Sikuweza kulitaja. Sheria ni sheria. "Cha yule wa kabla."

Aliendelea kuchambua. "Wa kabla hayupo, mwanangu. Alibaki likumbini, akaungua na banda."

Bibi yako hajui folda ni nini. Alikuwa anajibu swali alilofundishwa kujibu tangu akiwa msichana, kama ambavyo ningemwuliza jua linazama wapi. Amekufa bila kujua nilichofanya na maneno yake, na usithubutu kumlaumu hata kwa moyo. Mimi nilikuwa na diploma. Mimi nilijua kuwa ninaweza kupandisha toleo na kuacha kila kitu mahali pake. Nilijua kuwa hata kwa kusakinisha upya naweza kuacha folda za nyumbani bila kuzigusa na kubadilisha mfumo peke yake. Nilijua kuwa flashi nyingine inauzwa sokoni, dakika kumi kwa miguu. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, kwa sababu mashine huuliza, nami nikabonyeza.

Ulirudi saa tisa. Ulifungua, ukatafuta jina lako pale kwenye kuingilia. Kulikuwa na jina moja tu, nimekuandikia mimi, Salumu, na picha ya mpira.

"Mama, redio iko wapi?"

"Diski ilikufa. Nimeweza kuiokoa mashine tu."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Haiwezi."

"Baba alisema kwenye kompyuta kitu hakifutiki kabisa."

"Baba yako alikuwa mwalimu wa hesabu," nikasema. "Hakuwa fundi."

Sasa nisikilize vizuri, maana wewe unaenda kusoma kazi hii na utalikuta darasani, na nisingependa uambiwe na mgeni. Baba yako alikuwa sahihi. Diski kama hii, ya kuzunguka, ikipigwa fomati, vitu havitoki. Kinachofutwa ni orodha inayoonyesha vimekaa wapi. Vyenyewe vinabaki pale pale, vimelala, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ukiizima mashine mara moja na usiandike chochote, kuna programu ya bure ya kuvikusanya. Nilifundishwa mwaka wa pili. Mwezi mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nimemrudishia mwalimu wa taaluma mitihani yake yote kwa njia hiyo, akaniletea kuku wa zawadi. Ulipouliza swali lile, rekodi zote, karibu zote, zilikuwa bado humo. Zilikuwa sentimita chache chini ya mkono wako.

Nilijua, na nikaendelea.

Hukulia mbele yangu. Ulikaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka jioni. Nami, kwa kuwa nilikuwa mama, nikaona nikufariji. Nikaenda kwa mwalimu mwenzangu mwenye katuni nyingi nikazinakili, nyingi, mpaka diski ikawa karibu kujaa, nikakuita uje utazame. Ulizitazama wiki nzima, mikono kwenye mapaja. Kila katuni ililala juu ya kitu. Nilijua hilo pia nilipokuwa nazinakili, nilikuwa naangalia ule mstari wa kijani unavyosogea, na nilikuwa najisikia mtu mwema.

Baada ya hapo uliitika. Ilichukua kama mwezi. Siku moja nikaita Salumu, ukasema "Naam, mama," ukaja. Mjomba wako akafurahi sana, akakuchinjia jogoo. "Sasa ameiva," akasema. Watu wakanisifu. Ukawa mtoto mtulivu, unasalimia wakubwa, unachota maji kabla hujaambiwa, unashika namba za juu darasani. Hujawahi kunijibu vibaya. Hujawahi pia kunichekesha tena, wala kuigiza mtu, wala kuimba bafuni. Mwalimu wako wa darasa aliniambia una heshima kupita umri. Nikamshukuru. Nilikuwa nimekusakinisha vizuri.

Wewe si mtoto rahisi kupendwa, na nadhani unajua. Uko safi mno. Kuna siku nakutazama unakula, unaosha sahani yako, unasema asante mama, na natamani uivunje hiyo sahani. Kisha nakumbuka nani alikufanya hivyo.

Kuna jambo nililojifunza kwenye kazi ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja. Ndani ya kila folda ya mtumiaji kuna faili ambazo majina yake huanza na nukta. Ukifungua folda huzioni. Humo ndimo mipangilio yote ya mtu inakaa, tabia zake, jinsi alivyopenda mambo yawe. Wateja wanakuja kulalamika: nimeweka mfumo mpya kabisa, mbona tatizo ni lile lile? Ni kwa sababu walirudisha folda yao ya zamani kama ilivyo, na zile za nukta zikarudi nayo bila kuonekana. Mimi niliamini kuwa nimeanza upya mara tatu: nilipoondoka hapa kwenda chuo na kuacha kuongea Chimakonde mbele za watu, nilipofiwa, na nilipokupiga fomati wewe. Mara zote tatu niliyefika upande wa pili ni yule yule wa nje ya mlango. Juzi tu nilikufokea kwa sababu ya ndoo. Ulisema samahani. Sauti ilikuwa ile ile, hata mimi niliisikia.

Mwezi uliopita, ulikuwa unajifunza kukagua afya ya diski. Nilikuwa napika. Ukasema bila kugeuka, "Mama, hii diski ina saa nyingi sana za kufanya kazi. Ni ile ile ya kiwandani."

Nikasema, "Ni imara."

Ukasema, "Nilidhani ilikufa."

Nikakuambia niliitengeneza. Diski haitengenezwi hivyo, Salumu, na wewe wakati huo ulikuwa umeshalijua hilo, nililiona shingoni mwako. Ukafunga kompyuta taratibu. Wiki tatu baadaye ndipo ukaja mlangoni na ndoo ukaniomba niifute yote. Sijui kama uliniomba kwa sababu hujui, au kwa sababu unajua na ulitaka kuona kama nitabonyeza mara ya pili. Nimelala na swali hilo tangu Jumamosi. Kama ulikuwa unanijaribu, ulifanya vizuri. Ni kitu ambacho mimi ningefanya.

Leo ulipoondoka niliiwasha kwa flashi, ili nisiandike chochote kwenye diski yenyewe, nikaiendesha ile programu ya kukusanya. Baada ya miaka sita. Mitihani, katuni, mafunzo yako, michezo yako, vyote vimepita juu pale. Ilifanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Zilitoka faili maelfu, vipande vipande: nusu ya katuni, robo ya picha, mtihani wa jiografia wenye swali la kwanza tu. Faili zinazorudi kwa njia hii hurudi bila majina. Mashine huzipa namba.

Za sauti zilirudi kumi na moja. Kumi ni mvumo tu, kama upepo kwenye mabati. Moja inasikika.

Nimeinakili kwenye flashi nyekundu, nikaifungua kwenye simu yangu na kwenye kompyuta ya jirani kuhakikisha inacheza. Inacheza. Flashi imo ndani ya bahasha hii. Flashi nyeupe ina mfumo mpya, toleo la mwaka huu. Kompyuta iko kama ulivyoiacha. Kazi iliyobaki ni yako, na usiniulize kipi ni bora, maana nimeshakuonyesha ninavyochagua.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo ili uisome ukiwa umeshabadili gari Masasi, mbali, umekaa dirishani na mimi siko. Huo ungekuwa uoga wa pili. Nitakupa mkononi ukirudi kutoka kwa mjomba, na nitakaa kwenye kiti hiki mpaka umalize kusoma. Sikuandiki ili unisamehe. Ukinisamehe upesi nitajua kuwa nimekuharibu kabisa. Kesho alfajiri usiponiamkia sitalalamika, nitabeba begi lako mpaka stendi na nitakaa nyuma yako hatua kumi.

Ile namba nimeifuta, nikaipa faili jina. Siku ile sikuweza kulitaja mbele ya bibi yako, nikajificha nyuma ya sheria. Leo nimeliandika. Kama ni tusi, basi nimekutukana, lichukue.

Rekodi ina sekunde ishirini na tatu. Usitarajie redio, wala kuku. Mwanzoni kuna sauti ya kiti kinavutwa, halafu baba yako anacheka, kile kicheko chake cha puani, sijui mlikuwa mmeongea nini kabla. Halafu anavuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetaka kukuambia jambo. Halafu mlango unafunguka, na kinachofuata mpaka mwisho ni mimi: "Mchopa! We Mchopa! Zima hicho kidude, ndoo ziko wapi?"

Alichotaka kusema hakimo. Nimeisikiliza mara nyingi leo, nikipandisha sauti. Nilimkatiza.

Mama Mchopa